Yule Ng'ombe wa Plastiki

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika kwanza, kabla ya neno lingine lolote, maana najua ungeniuliza salamu nimeiacha wapi. Marahaba yako sitaisikia, lakini nimetimiza wajibu wangu.

Leo ni Jumapili. Tumetoka kanisani, tumekula, vyombo vimeoshwa. Nimekaa sebuleni hapa Rau, kwenye kiti karibu na mlango wa chumba ulichokuwa unalala. Ndani amelala Baba. Ndiyo, Baba mwenyewe, mumeo, yule aliyekuwa akisema mjini panafaa kwa kununua mbolea tu. Nitakuambia amefikaje hapa, lakini kwanza nina jambo langu, na nimelibeba tangu siku tuliyokuzika.

Mama, nimesemwa nimekuua.

Wangesema nimekuroga ningecheka, nikaendelea na kazi zangu. Wanasema nilikuua kwa feni ya maji. Aliyeanzisha ni binti yako, wifi yangu Nsia, na alilisema msibani kwako, uani kwako Machame, katikati ya akina mama waliokuwa wanamenya ndizi. Mimi nimesimama palepale na sufuria mkononi. "Mama yangu ameuawa na baridi ya ile mashine ya mkamwana." Ndizi zikaendelea kumenywa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia Nsia nyamaza, na mimi mwenyewe sikumjibu.

Mdomo wangu unaujua. Ulishaniambia kwamba kule kwenye miwa walininoa pamoja na mapanga. Kwa hiyo ungekuwepo ungeshangaa kuniona nimetulia vile. Nilikuwa na sababu, na nitakueleza. Ila nianzie mwanzo, maana tangu uondoke sina mtu wa kuzungumza naye habari za ile mashine. Mwanao Elibariki nikiitaja tu anakumbuka kuna kitu amesahau nje.

Ulishuka kutoka juu mwezi wa Desemba, moyo umepanuka, miguu imevimba mpaka viatu vya kanisani vimegoma kuingia. Daktari alitaka uwe karibu na kliniki. Tukakubaliana utakaa kwetu mpaka mvua za masika zianze, kisha tukurudishe kwenye kihamba chako, kwenye migomba na kahawa na ng'ombe wako. Ulikubali kwa shingo upande. Januari ikaingia, na Januari ya hapa mjini hukuwa umewahi kulala nayo hata mara moja. Bati lilikuwa linaalika juu ya kichwa chako kuanzia saa nne asubuhi. Ulikuwa unakaa umeegemea mito, vifungo vya gauni viko wazi, unapumua kwa shida, unaniuliza, "Mama Debora, hivi watu wa huku mnaishije?"

Tulianza na feni ya kawaida. Ikawa inachukua joto la chumbani na kukurudishia usoni. Elibariki akataka kiyoyozi, akamleta fundi umeme, fundi akapanda darini, akaziona nyaya zetu, akashuka akicheka. Na wewe mwenyewe ulishakataa. Ulisema hukushuka kutoka Machame kuja kuwekwa kwenye friji kama nyama.

Wazo la feni ya maji lilikuwa langu. Nilikusimulia siku ile nikikukanda miguu, unakumbuka? Nilivyozaliwa kule chini kwenye kambi ya wakata miwa, baba yangu alikotoka Singida kuja kutafuta kazi. Joto la kule halina mchezo. Mama yangu alikuwa akilowesha gunia la katani, ananing'iniza mlangoni upande unaotoka upepo, sisi watoto tunalala kwenye mkeka nyuma ya lile gunia, na usingizi tulikuwa tunaupata. Nikakuambia feni ya maji ni lile gunia, ila limewekewa pampu na umeme. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Mama yako alikuwa na akili. Twende tukaione."

Nilitaka niende peke yangu. Ukanikatalia, ukasema hujawahi kuletewa ng'ombe ambaye hukumkagua kwa macho yako. Tukakupakia kwenye bajaji polepole, tukafika lile duka la vyombo vya umeme kule mjini, ukapewa kiti, ukakaa kama hakimu. Yule dada muuzaji akakuwashia ndogo, nzuri, ina vitaa vya rangi na rimoti. Ukamwambia hiyo akawape watoto wachezee, tangi lake hata kuku halimtoshi. Akawasha kubwa, ya nyuzi za mbao za kushika maji, ikanguruma kama mashine ya kusaga. Ukamwuliza, "Na mtu akitaka kusali, atajisikiaje?" Ya tatu ilikuwa ya kadiri. Nyuma ina ile karatasi ngumu yenye vitundu kama sega, chini tangi pana, na pembeni kidirisha cha kuonyesha maji yamefika wapi. Ukainuka, ukagonga tangi, ukaingiza kidole kwenye vitundu, ukaweka kiganja mbele ya upepo wake ukakaa nacho muda mrefu. Kisha ukauliza kwa sauti kubwa, duka zima linasikia, "Anakunywea wapi? Na anakojolea wapi?" Yule dada alicheka mpaka akashika meza. Akakuonyesha pa kujazia na kizibo cha kumwagia. Ukasema huyu ndiye.

Kuanzia hapo jina lake likawa ng'ombe. Asubuhi swali lako la kwanza, "Umemnywesha?" Jioni hivyohivyo. Nikisahau, maji yakaisha, pampu ikaanza kukoroma, nakusikia chumbani, "Mama Debora, ng'ombe wako analia huku." Na ukiwa umeamka vizuri unaongeza, "Kunywa anajua. Maziwa sioni."

Sasa nafika penye dirisha.

Kule kwenu juu dirisha ni la kuingiza mwanga. Mgonjwa akilala, dirisha linafungwa, mlango unafungwa, na penye upenyo panazibwa, kwa sababu ukungu wa kule ukimshika mtu kifuani haumwachii. Wewe ulilelewa hivyo, ukalea wanao hivyo. Kwa hiyo ng'ombe alipofika ukafanya kama unavyojua. Ukasema, baridi imenunuliwa, isitoroke. Ukafunga madirisha yote mawili, ukakunja kanga, ukaisokomeza chini ya mlango. Mimi nikaona ni akili, maana hata kwenye ofisi zenye kiyoyozi wanafunga. Yule dada wa dukani alituambia tujaze maji tuwashe, basi.

Mwanzoni ilikuwa raha. Baadaye chumba kikaanza kuwa kizito. Sisi tukadhani mashine imechoka, tukaiongezea maji. Ikazidi. Shuka likawa bichi, ukuta unatoa jasho, kitabu chako cha nyimbo kikavimba na kujikunja, na joto halikwenda popote, limekaa palepale likiwa limelowa. Ukaanza kukohoa. Na katika wiki hiyohiyo, kati ya wiki zote ambazo Mungu aliziumba, Nsia akaja kutoka Arusha kukuona.

Alifungua mlango akakukuta umeloa, unakohoa, nywele zimekuganda kwenye paji la uso, na ile mashine inakupulizia. Akaniangalia. Hakusema neno, kwa sababu ulikuwa macho. Alikaa siku hiyo moja, akarudi kazini, na picha aliyoondoka nayo ndiyo hiyo.

Angekaa kidogo angeona mengine. Siku chache baadaye niko kwenye cherehani yangu Majengo, napinda gauni la mtu, mara namkumbuka mama yangu. Alikuwa mpole, lakini ukifunga mlango wa nyuma wakati gunia liko mlango wa mbele, utamjua. "Unafunga, upepo upite wapi?" Nikaacha gauni la watu na sindano ndani yake nikarudi nyumbani mbiombio. Hewa ikishashiba maji haiwezi kupoza tena, lazima itoke, iingie kavu. Nimekua na jambo hilo utoto wangu wote, na bado nilikuwa nimelisahau kwa sababu safari hii lilikuja kwenye boksi.

Na tuligombana, Mama. Jamani tuligombana. Nafungua, unafunga. Naenda kazini nimefungua, narudi naikuta kanga chini ya mlango. "Unataka nipigwe upepo nife, waseme nimeshuka mjini kufa na nimonia?" Elibariki akahamia kwa jirani kuangalia mpira. Mwisho tukapatana kama wafanyabiashara. Utavaa sweta na kilemba, kitanda kitasogezwa ukuta wa pili upepo usikupige kichwani, mashine itageuziwa mgongo dirishani ivute hewa ya nje, na dirisha la upande mwingine nitalifungua kiasi cha kiganja. Kiganja chako, si changu. Ukakaa kitandani na sweta lako, midomo umeibana, unasubiri kuugua ili unisute.

Nilipokuja kuchungulia alasiri ile nilikukuta umelala. Mdomo wazi, mkono umening'inia, unakoroma kidogo. Tangu Desemba sikuwa nimekuona umelala mchana bila kushtuka. Nilisimama mlangoni nikalia, nikafuta machozi kwa utepe wa kupimia nguo uliokuwa shingoni mwangu. Ulipoamka ulikuwa na swali moja tu, nani amekuvua soksi. Hakuna aliyekuvua. Ulizipiga teke mwenyewe.

Zile wiki zilizofuata ndipo nilipokujua. Nilikuwa nimeolewa kwenu miaka mingi, na miaka yote hiyo nilikuwa nakuogopa, naleta zawadi, napika mtori nauonja mara mia kabla sijakupelekea. Kwenye chumba hiki ndipo nilipokupenda. Nalisema wazi kwa sababu sikulisema ukiwa hai. Ulinifundisha kuosha tangi kila baada ya siku mbili tatu, hata mashine ikiwa inaonekana safi, kwa kuwa ulikuwa unasikia harufu ya bwawa kabla yangu. Ulinifanya nisugue chokaa iliyoachwa na maji kwa siki na mswaki wa zamani wa Debora. Mimi nasugua, wewe umekaa juu unanifundisha Kimachame, unacheka ninavyokitamka. Ulinisimulia kuhusu mtoto wako aliyefariki kabla ya Elibariki. Ulisema hujawahi kumtaja mbele ya Nsia, na mimi sijamwambia mtu.

Halafu mvua zikaanza. Hewa ya nje ikawa nayo imelowa, ng'ombe akawa hana kazi. Niliacha feni izunguke bila maji mpaka ile karatasi ikauke isioze, kama tulivyozoea, nikaizima, nikaifunika shuka. Na wewe ukasema, "Haya, masika ndiyo haya. Nipandisheni." Uliniambia mimi, ukamwambia Elibariki, ukamwambia Nsia kwenye simu. Wanao wote wawili wakajibu kwamba tusubiri kliniki inayofuata, tupate ruhusa ya daktari. Wakati wanajadiliana ulikuwa unaangalia dirishani, upande wa mlima, ambako siku hiyo palikuwa na mawingu matupu. Hukusema tena.

Kliniki haikufika. Nilileta uji asubuhi, mvua inapiga bati, nikakuita mara mbili. Daktari akasema ni moyo, ulikuwa umechoka kabla hujashuka. Mashine ilikuwa imezimwa zamani, iko kwenye korido, imefunikwa shuka la maua.

Unaona basi kilichonikaba msibani. Ningemjibu Nsia kwamba feni ilikuwa imezimwa, angeniuliza, "Na kile kikohozi nilichokisikia kwa masikio yangu?" Na kujibu hilo ni lazima niseme nani alifunga dirisha. Niseme ni marehemu? Jeneza lako liko ndani halijatoka, mimi mtu wa kutoka kwenye miwa nisimame uani kwako niseme marehemu alijifungia mwenyewe? Nikaona heri waniite muuaji. Nikaweka sufuria jikoni, nikaenda kuchota maji. Elibariki aliniambia, "Achana naye, ni uchungu." Kana kwamba mimi nilikuwa nimekuja pale kwenye harusi.

Maneno yakasambaa kwa shangazi na mama wadogo wote, kwa simu, kwa vikundi vya kanisa, kwa wanaokutana wakipeleka maziwa asubuhi. Nikipanda kuja kuweka maua kaburini, watu wananisalimia vizuri, halafu wananiangalia mikono. Lakini aliyeniumiza kuliko wote ni Baba. Hakuwahi kusema anaamini, na hakuwahi kusema haamini. Nikimpelekea chakula anapokea, asante, anakula, anatazama migomba. Nilikuwa natamani anitukane nijue moja.

Basi mwaka ukazunguka. Baba akapata kidonda mguuni, na ana sukari, kwa hiyo si cha kucheza nacho. Wakasema kioshwe kila siku hospitalini huku chini. Kwa nani atakaa? Nyumba ni yetu, chumba ni hiki. Nsia akachukua likizo, akamleta mwenyewe, na kabla hajaweka begi chini akaniambia, macho ameyaelekeza ukutani, "Ile mashine isiwashwe." Nikamwambia sawa, wifi.

Ilikuwa Januari tena. Baba halalamiki, unamjua, ila siku ya tatu tulimkuta amelala sakafuni kwenye saruji, mguu wenye bandeji ameuweka juu ya kiti. Nsia alivumilia hilo siku moja tu. Akaja jikoni akasema, bila kuniangalia, labda iwashwe kidogo.

Nikaitoa koridoni. Nilipovua lile shuka, Mama, kwenye kidirisha cha tangi kulikuwa na mstari mweupe wa chokaa, pale maji yako ya mwisho yalipoishia. Nilikuwa nimelimwaga tangi lakini mstari sikuusugua, na sikumbuki kama nilisahau au nilishindwa. Nilikaa chini kwenye korido nikaushika. Kisha nikachukua siki na mswaki nikausugua mpaka ukatoka, kwa sababu Baba alikuwa anaungua na ndivyo ambavyo ungeniambia nifanye. Nikaiosha, nikaijaza, nikaipeleka chumbani, nikaiweka mgongo dirishani, nikaenda kazini. Nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza.

Niliporudi alasiri nilisikia kikohozi kuanzia getini.

Mlango wa chumba ulikuwa mgumu kusukuma. Nikasukuma kwa bega. Kilichokuwa kinauzuia ni kanga, imekunjwa, imesokomezwa chini kwa ustadi, kona kwa kona. Madirisha yote yamefungwa. Ukuta unatoa jasho. Baba amekaa kitandani ameloa, anakohoa, na wifi yangu Nsia anampepea kwa sahani, naye ameloa. "Unaona? Hii ndiyo mashine yako. Nimeiongezea maji mara ngapi, inatoa mvuke tu."

Mwaka mzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia yule mwanamke siku nikimpata. Nilikuwa nayo makali, mengine hayaandikiki hapa. Yote yalikimbia. Nilitazama ile kanga, nikaiona mikono yako. Nikamwuliza tu, "Nani amefunga dirisha?"

"Mimi. Kwani mzee mgonjwa nimwache apigwe upepo?"

Nikamwambia, "Mama naye alisema hivyohivyo."

Sikupandisha sauti. Nilipita nikafungua dirisha, nikafungua la pili kiasi cha kiganja, nikamwomba Baba asogee, tukasukuma kitanda mimi na Nsia, kila mmoja upande wake. Nilimbadilisha Baba shati. Hewa ikaanza kutembea, ukuta ukaanza kukauka taratibu kuanzia juu, kikohozi kikatulia, na Baba akajilaza. Nsia alisimama katikati ya chumba ameshika kanga yenye maji. Akauliza polepole, "Ile wiki niliyokuja... ni yeye ndiye aliyekuwa amefunga?" Nikamjibu ndiyo. "Na baada ya hapo?" Nikamwambia baada ya hapo tuligombana, akakubali, akawa analala. Nikamsimulia soksi. Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani, akakaa chini akalia kwa sauti mpaka nikaogopa Baba ataamka. Nikakaa naye. Sikumkumbatia, nisikudanganye. Nilikaa naye tu, mabega yamegusana.

Alisema, "Nilikusema vibaya, wifi." Nikamwambia ndiyo, ulinisema vibaya. Sikusema haidhuru, kwa sababu ilinidhuru. Kesho yake asubuhi alitoka uani na simu akawapigia shangazi zake mmoja baada ya mwingine, kwa Kimachame, akidhani sisikii. Nilikuwa naanika nguo. Nilisikia, Mama, na nilielewa, ulinifundisha vizuri kuliko ulivyojua. Alikuwa anawaambia kwamba mama yake alikuwa anatunzwa, na kwamba aliyekosea ni yeye.

Lakini kilichonifanya niandike si Nsia. Ni Baba.

Alilala alasiri ile mpaka jua likaegemea. Tulikuwa tumekaa chumbani wote wawili alipofumbua macho. Hakuinuka. Alikuwa anasikiliza upepo. Akauliza, "Mama yenu alikuwa analala hapa?"

Nikamwambia, hapahapa, Baba.

"Na upepo huuhuu?"

Huuhuu, Baba.

Kisha akasema kile ambacho nilikuwa nakisubiri usoni mwake mwaka mzima, kumbe hakikunihusu mimi hata kidogo. Alisema, "Mimi nilikuwa kule juu kwenye ubaridi, kila nikivuta blanketi namfikiria anaungua huku peke yake. Mpaka leo nikijifunika naona aibu." Akajipangusa uso na kiganja. "Kumbe alikuwa anapumzika."

Nsia aliinuka akachukua shuka akamfunika mpaka mabegani. Baba akaliacha likae.

Mama, yule mzee hakuwahi kunidhania lolote. Alikuwa anajilaumu mwenyewe, na mimi nikauchukua ukimya wake nikaufanya hukumu yangu. Nimemaliza kulia kwa ajili ya kusemwa. Sasa nakulilia wewe, na nimegundua kwamba hilo sikuwa nimelianza.

Pumzika huko migombani, mama yangu. Shangazi watakuja kwetu Pasaka, Nsia amewaalika yeye, na mimi nitapika. Na jambo moja nakuahidi, nimeshamwambia na Elibariki na hakutoka nje. Baba akisema nipandisheni, hatutasubiri kliniki wala mvua wala simu ya mtu. Nitampandisha siku hiyohiyo, amekaa kiti cha mbele, anaiona njia. Wewe nilikupandisha umelala, umefunikwa, na sikukuonyesha chochote.

Ni mimi mkamwana wako,
Mama Debora